Treni ya usiku ya Kisumu na milima yake miwili

Aliyetaka kuiona safari ya Kisumu ilivyokuwa alilazimika kuamka kabla ya wenzake. Treni iliondoka Nairobi jioni, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena gizani, na usiku ulipokuwa ukiishia ilikuwa inateremka kutoka Kipkelion kwenda Fort Ternan, kwenye yale madaraja marefu ya chuma. Mlio ndio uliotangulia. Kwenye tuta la udongo magurudumu hunguruma kwa sauti nzito inayomezwa na kokoto. Treni ikiingia darajani sauti inapasuka, inakuwa ya chuma kitupu, na chini ya dirisha ardhi inatoweka. Mara udongo unarudi, ngurumo inatulia, halafu kona moja tu mbele kuna daraja jingine. Baridi ya milima ya Mau ilikuwa bado imo ndani ya behewa, lakini kadiri treni ilivyoshuka hewa ilizidi kuwa nzito na ya joto, hadi Muhoroni, ambako harufu ya miwa inayochemshwa kiwandani iliwaamsha waliokuwa bado wamelala.

Treni ikichelewa saa moja au mbili, wa dirishani walifaidi, kwa kuwa madaraja yote yalipitwa jua likiwa limeshachomoza.

Treni hiyo ya abiria ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, yenye vitanda, matandiko na behewa la chakula, haipo tena. Desemba 2021 abiria walirudi kwenye njia ya Kisumu baada ya takriban muongo mmoja wa ukimya, na ni jambo la kushukuru kwa dhati. Ila tunayoikumbuka hapa ni ile ya zamani, kwa sababu watu wengi huikumbuka kwa jambo moja tu: ilikwenda polepole. Ni kweli, ilikwenda polepole. Lakini saa yake ya kuondoka, idadi ya mabehewa, umbo la injini, na hata namna ilivyokufa, vyote viliamuliwa na milima miwili iliyokuwa lazima ivukwe usiku mmoja.

Stesheni ya Nairobi iko takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo reli inapita Kibera, Dagoretti na Kikuyu, inapanda Limuru hadi Uplands, zaidi ya mita 2,300, kisha inaukuta ukingo wa Bonde la Ufa. Inateremka ubavuni mwa ukingo huo kupitia Kijabe na Longonot hadi Naivasha, takriban mita 1,900, halafu Gilgil, Elmenteita na Nakuru, mita 1,850 hivi. Huo ndio mlima wa kwanza. Nakuru njia inagawanyika. Moja inakwenda Timboroa, Eldoret na Malaba, ndiyo iliyofika Kampala mwaka 1931, na stesheni yake ya Timboroa, mita 2,743, ilihesabiwa miongoni mwa stesheni za juu kabisa barani. Nyingine, ambayo ndiyo ya kwanza kujengwa, inashika Njoro, Elburgon, Turi na Molo hadi Mau Summit, takriban mita 2,537. Huo ni mlima wa pili. Baada ya hapo ni kuteremka tu: Londiani, Kipkelion ambayo zamani iliitwa Lumbwa, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos, na Kisumu yenyewe kando ya ziwa, mita 1,135 hivi. Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 217. Treni iliyokuwa ikirudi Nairobi ilianza safari kwa kupanda mita 1,400 kutoka ziwani hadi Mau Summit, na ilipomaliza kushuka Nakuru na kupumua kidogo Naivasha, ukingo wa Bonde la Ufa ulikuwa unaisubiri.

Wahandisi wa Reli ya Uganda, kama njia hii ilivyoitwa wakati huo, walijua tangu mwanzo kwamba ukingo huo ungewachelewesha. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Mbele yao palikuwa na ukuta wa karibu mita 450, na njia ya kudumu ya kuushuka ilihitaji madaraja ambayo yangechukua muda mrefu kusimamishwa. Kusubiri kungemaanisha maelfu ya vibarua kukaa bure, wengi wao wakiwa miongoni mwa watu wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kwa kazi hii. Kwa hiyo wakajenga ngazi ya muda: reli zilizonyooka kushuka ukingoni kwa vipande vinne, vingine vikali kiasi kwamba behewa la kawaida likiwekwa hapo mzigo wote ungemwagika. Kwenye vipande hivyo vikali waliweka magari maalumu yenye umbo la kabari, chini yakifuata mteremko na juu yakiwa tambarare, na behewa lilipandishwa juu yake na kufungwa. Kamba nene za chuma ziliyashikilia magari hayo. Lililoshuka na mzigo lililivuta lile jepesi lililopanda, na kazi ya breki ilikuwa kuzuia tu mwendo usizidi. Kwa njia hiyo reli, mataruma yanayolazwa chini yake, vifaa na hata injini zilishushwa bondeni, na utandikaji wa njia ukaendelea kuelekea Nakuru huku njia ya kudumu ikijengwa kwa nyuma.

Upande wa Mau tatizo lilikuwa jingine. Huko hakuna ukuta mmoja bali mabonde mengi yaliyochongwa na mito inayoteremka kuelekea Nyando. Reli haiwezi kushuka kila bonde na kupanda tena, ni lazima ipite juu. Kampuni ya American Bridge ya Marekani ndiyo iliyopewa kazi ya kutengeneza madaraja 27 ya chuma, ikaleta pia mafundi wake wa kuyasimamisha. Ni madaraja yenye miguu: minara ya chuma iliyopanuka chini na kukutana juu, na mihimili mifupi inayoruka kutoka mnara hadi mnara. Vipande vilitoka kiwandani vikiwa vimeshatobolewa kwa vipimo vinavyofanana, kwa hiyo kazi ya porini ilikuwa kuunganisha. Kreni ilikaa juu ya sehemu iliyokamilika, ikanyoosha mkono mbele, ikasimamisha mnara unaofuata, ikaulaza mhimili, kisha ikatambaa juu yake. Wakati madaraja yakisubiriwa, reli za muda zilishushwa mabondeni kwa mtindo wa kurudi kinyumenyume, treni inakwenda mbele hadi mwisho wa kipande, swichi inageuzwa, inarudi nyuma kwenye kipande cha chini yake. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na Kisumu ikaanza maisha yake ya reli ikiitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa mmoja wa wahandisi.

Uzito wa mwinuko huonekana vizuri kwa hesabu. Katika sehemu kali za njia ya Mau reli hupanda mita 2 kwa kila mita 100 za mwendo. Kwa mtembea kwa miguu hilo si kitu, hata hatalihisi. Kwa treni ni jambo jingine kabisa. Tuseme mabehewa kumi yenye tani 35 kila moja, jumla tani 350. Kwenye njia tambarare, kwa mwendo wa taratibu, kila tani inahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo 4 au 5 tu, hivyo mabehewa yote yataridhika na kama tani moja na nusu. Kwenye mwinuko wa 2 kwa 100 kila tani inaongeza kilo 20. Mabehewa yaleyale sasa yanadai zaidi ya tani nane, karibu mara sita, na bado injini haijajivuta yenyewe. Ongeza kona. Gurudumu la treni limebanana na mwenzake kwenye mhimili (ekseli) mmoja, na kwenye kona la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo mojawapo lazima liteleze kidogo na kusaga chuma. Ndiyo maana mjenzi mzuri hupunguza mwinuko kidogo kila anapoweka kona, ili injini isipate adhabu mbili kwa wakati mmoja.

Jibu rahisi lingekuwa injini kubwa, lakini reli za mwanzo zilikuwa nyepesi, ratili 50 kwa yadi, kama kilo 25 kwa mita, juu ya mataruma ya chuma yaliyochaguliwa kwa sababu mchwa wangeyala ya mbao. Injini nzito ingezipinda. Na upana wa njia ni mita moja tu, wenye kona kali.

Hapo ndipo injini za aina ya Garratt zilipopata makao yao. Kuanzia mwaka 1926 shirika la reli la Kenya na Uganda lilizinunua kutoka kwa Beyer Peacock wa Manchester, na hadi mwisho wa enzi ya mvuke ndizo zilizobeba nchi hizi. Watu huziona kama injini mbili zilizogandishwa mgongo kwa mgongo, na hawako mbali na ukweli. Kuna seti ya magurudumu na silinda mbele, seti nyingine nyuma, na katikati boila moja kubwa, yaani tangi la kuchemshia maji, inayoning'inia kwenye fremu iliyoshikwa na egemeo mbele na egemeo nyuma. Treni ikiingia konani kila seti inageuka kivyake, na boila inakatisha kona kama daraja. Uzito unatandazwa kwenye mihimili mingi, hivyo hakuna taruma linaloonewa. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, tanuri linaweza kuwa pana na lenye kina, likapata hewa ya kutosha. Tanuri hilo lililishwa kuni za mikalitusi iliyopandwa kandokando ya njia, na makaa ya mawe, kabla ya mafuta mazito kuchukua nafasi. Injini za aina iliyoitwa daraja la 60, zilizoingia kazini katikati ya miaka ya 1950, zilikandamiza reli kwa tani 11 tu kwa kila mhimili, lakini zilivuta mizigo ambayo injini ya kawaida ya uzito huohuo isingeigusa.

Milima ilikuwa na hatari yake hata ndani ya boila. Maji hulala sawa, injini hailali sawa. Treni ikipanda, maji hurudi nyuma na kulifunika paa la tanuri vizuri. Ikivuka kilele, kama pale Mau Summit au Uplands, na pua ikaelekea chini, maji hukimbilia mbele, na paa la tanuri linaweza kubaki wazi juu ya moto mkali. Chuma kisichofunikwa na maji hulegea kwa dakika chache. Kwa hiyo dereva aliyefika kileleni akiwa na maji machache kwenye kioo cha kipimo, eti kwa sababu alitaka mvuke wote uende kwenye kupanda, alikuwa amefanya kosa ambalo lingeonekana baada ya kilele. Plagi zenye madini laini ya risasi ziliwekwa kwenye paa hilo. Joto likizidi risasi inayeyuka, mvuke unamwagika kwenye moto, treni inasimama, na wafanyakazi wanabaki hai.

Dizeli za English Electric zilianza kufika mwaka 1960, na mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja za General Electric kutoka Marekani. Zilimaliza shida ya maji, zikaleta nyingine. Injini ya dizeli inazalisha umeme, na mota zilizo kwenye mihimili ndizo zinazovuta. Mota ikivuta kwa nguvu huku ikizunguka polepole, umeme mwingi unapita ndani yake na joto linapanda. Kila injini ina kasi ya chini ambayo haitakiwi kushuka kwa muda mrefu, la sivyo nyaya za mota zinaungua. Pia juu ya Mau hewa ina shinikizo la karibu robo tatu tu ya lile la Mombasa, na injini inayokosa hewa haiwezi kuchoma mafuta yote inayopewa. Ndiyo sababu behewa moja la ziada lililoongezwa Nairobi kwa huruma ya abiria wengi wa sikukuu liliweza kuisimamisha treni nzima saa nane usiku kabla ya Molo.

Na mara nyingi kilichosimamisha treni hakikuwa ukosefu wa nguvu bali utelezi. Reli kavu inamshika gurudumu vizuri. Umande wa alfajiri, ukungu wa Limuru, majani ya mikalitusi yaliyosagwa juu ya reli, vyote hupunguza mshiko huo karibu nusu. Gurudumu linazunguka papo hapo, linachimba kishimo kwenye kichwa cha reli, na treni inapoteza mwendo ambao haitaupata tena. Dawa ni mchanga, unaoshuka kwa bomba mbele ya gurudumu. Lakini mchanga wenyewe una masharti: uwe mkavu kabisa na uliochekechwa. Mchanga wenye unyevu unaganda bombani, na dereva anabonyeza bure. Treni ikishakwama mlimani, namna ya kuiondoa ni ya subira: breki zifungwe, mchanga umwagwe kwa mkono mbele ya magurudumu, kisha breki ziachwe na nguvu iongezwe kidogokidogo. Anayevuta kwa ghafla huvunja kiunganishi, na behewa lililokatika mlimani ni jambo baya kuliko treni iliyokwama. Ikishindikana, treni inagawanywa, nusu inapelekwa stesheni ya mbele, injini inarudi kuchukua iliyobaki. Abiria wa nusu ya nyuma walibaki gizani wakisikiliza vyura.

Kupanda kunachosha injini, kushuka kunamtia dereva majaribuni. Kutoka Mau Summit hadi Muhoroni treni inapoteza zaidi ya mita 1,200 za kimo. Nguvu hiyo haipotei hewani, sehemu yake kubwa inageuka joto kwenye breki. Kwa treni ya tani 460 pamoja na injini yake, nguvu hiyo yote ikigeuzwa joto ingetosha kuchemsha na kukausha karibu lita 2,000 za maji. Joto la breki lilibebwa na vipande vya chuma vinavyokandamiza magurudumu, ndiyo maana harufu ya chuma kilichoungua ilikuwa sehemu ya alfajiri ya Fort Ternan. Breki za hewa hufanya kazi kinyume na watu wengi wanavyodhani: dereva akitaka kusimama hapeleki hewa, anaitoa. Bomba refu linalopita chini ya treni nzima likipungua shinikizo, tangi dogo la kila behewa linasukuma breki. Akitaka kuachia anajaza bomba tena, na matangi yanajaa upya. Kosa linalomaliza treni ni kushika na kuachia, kushika na kuachia, bila kuyapa matangi muda wa kujaa. Kila mara breki inakuja dhaifu kidogo, hadi dereva anavuta mkono na hakuna kitu. Anayeujua mlima huanza kushuka akiwa polepole kuliko anavyohitaji, anashika breki kidogo mapema na kuiacha hapo. Kasi iliyopatikana juu ya mteremko haiwezi kurudishwa katikati yake.

Ndani ya mabehewa mambo haya yote yalifika kwa abiria kwa namna ya upole. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili, la pili vitanda vinne, wanaume na wanawake wakitengwa isipokuwa familia iliyokata chumba kizima. Mchana kitanda cha chini kilikuwa kiti na cha juu kilikunjwa ukutani. Kulikuwa na beseni dogo la kunawia chumbani. Mhudumu alipita na matandiko, na akatandika wakati abiria wako kwenye behewa la chakula. Chakula cha jioni kiliangukia hasa kwenye mlima wa kwanza, kati ya Kikuyu na Kijabe, na mtu makini aliweza kuusoma mlima mezani. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani, ili treni yenye kasi isisukumwe nje. Treni inayopanda polepole haina kasi hiyo, kwa hiyo inalalia ndani, na supu inalala upande mmoja wa sahani. Kona inabadilika, supu inahamia upande wa pili. Mteremko wa kuingia bondeni wakati huo ulikuwa umeshafunikwa na giza.

Daraja la tatu halikuwa na vitanda. Mtu alikaa, akaegemea begi lake au bega la jirani, na asiyebeba shuka au koti zito alijuta kuanzia Elburgon, kwa sababu baridi ya Mau usiku haina mchezo. Lakini huko ndiko treni ilikokuwa hai zaidi: magunia ya viazi vya Molo yakiingizwa, kabichi za Limuru, na siku za kurudi vikapu vya samaki wa ziwani vilivyofunikwa majani, ambavyo kila mwenye pua alijua viko behewa gani.

Njia ni moja tu, na treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni. Mkuu wa stesheni alimpigia simu mwenzake wa mbele, akahakikishiwa kwamba njia iko tupu, akaandika ruhusa, na karatasi hiyo ikakabidhiwa kwa dereva mkononi. Bila karatasi hakuna kuondoka, hata taa ikiwa vipi. Treni ya mizigo ikikwama kati ya Turi na Molo, treni ya abiria inakaa Elburgon hadi ile itolewe, na ndiyo maana saa ya kufika Kisumu ilikuwa makadirio.

Kilichokuja kuiua treni hii hakikuwa kimoja. Reli ya mlimani inahitaji matunzo maradufu ya reli ya tambarare. Kwenye kona, kingo za magurudumu husaga ubavu wa reli ya nje hadi kichwa chake kinakuwa chembamba upande mmoja, na reli ya ndani inapondwa na uzito wa treni zinazopita polepole. Kwenye miteremko mirefu reli zenyewe husafiri: kila breki inayoshikwa inazisukuma chini kidogo, hadi juu ya mteremko nafasi kati ya reli na reli inapanuka, na chini zinakutana kabisa. Jua likiwaka zinakosa pa kutanukia na njia inapinda kama nyoka. Magenge ya wafanyakazi waliokaa kwenye nyumba ndogo kando ya njia walikuwa wakitembea vipande vyao, wakikaza bolti, wakisukuma kokoto chini ya mataruma, wakizibua mitaro kabla ya masika. Mtaro ulioziba Aprili ni tuta lililobomoka Mei. Magenge yalipopunguzwa, dawa iliyobaki ilikuwa kupunguza kasi. Kasi ikipungua safari inarefuka, abiria anapanda matatu, mapato yanashuka, na matengenezo yanapungua tena. Bolti na mataruma ya chuma navyo vilikuwa na soko lake. Si jambo geni kwenye njia hii: tangu miaka ya mwanzo Wanandi waliopigana na ukoloni walizikata nyaya za simu na kuchukua vyuma vya reli, ila wao walikuwa na sababu ya vita.

Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika, na karakana, injini na mabehewa yaliyokuwa ya nchi tatu yakagawanywa. Mapema mwaka 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, reli ziling'olewa Kibera, kilomita chache kutoka stesheni ya Nairobi, na njia yote ya magharibi hadi Uganda ikakatika. Zilirudishwa, lakini treni ya abiria ya Kisumu haikuwa na nguvu ya kuvumilia mapigo mengi, na miaka michache baadaye ikanyamaza. Reli mpya iliyofunguliwa Oktoba 2019 kutoka Nairobi hadi Suswa inaingia Bonde la Ufa kwa handaki refu chini ya Ngong. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na inaokoa muda. Ndani ya handaki hakuna cha kutazama.

Kwa mwenye kupata nafasi ya kupita njia ya zamani, kuna la kuzingatia kabla ya kuchagua dirisha. Ukielekea Kisumu bonde liko kushoto kwako kutoka Uplands hadi Longonot, na baada ya Muhoroni Milima ya Nandi inasimama kulia huku nyanda za Kano zikitandaa kushoto. Ukirudi, geuza yote: alfajiri ya Kijabe, na kilele cha Longonot kikitokeza juu ya ukungu, iko dirisha la kulia. Asiyepata treni anaweza kupita kwa gari barabara ya Londiani hadi Muhoroni kupitia Fort Ternan, inayofuata bonde hilohilo. Na kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi imesimama Garratt nambari 6006, moja ya zile za daraja la 60. Ukienda usiishie kupiga picha ya pua yake. Inama ubavuni, karibu na mwisho wa boila, utaona egemeo ambalo nusu ya injini ilizunguka juu yake kila ilipokata kona, na mbele ya magurudumu, mabomba membamba ya mchanga yakielekea kwenye reli.